Sufuria Tatu za Kaswera

Kaswera, mke wa koplo Eugène, hakuwahi kushika karatasi yoyote ya jeshi, lakini ukubwa wa kambi yao ya Walikale aliujua kuliko wakubwa wote wa Kinshasa. Aliwapikia askari miaka saba. Kabla vita haijapamba moto, maharage yaliishia nusu ya sufuria kubwa. Vita ilipokolea, sufuria ikajaa: watu tisini, basi. Kwenye karatasi, hata hivyo, walikuwa mia tatu, na posho ya hao wasioonekana haikukosa wa kuitafuna.

Siku moja komanda akamwita.

— Kesho mukaguzi anakuja. Utapika masufuria tatu.

— Papa komanda, batu njo makumi kenda tu. Ile ingine nani atakula?

— Utasema wengine walienda kulinda barabara.

Kaswera alichambua maharage hadi vidole vikamuuma, huku akilaani kimoyomoyo.

Mkaguzi, mzee mpole mwenye miwani aliyetumwa na wakubwa wa Kinshasa kuhesabu askari na kuwapangia kazi, alifika askari wakiwa wameshakula na kujipanga. Akaambiwa habari ya barabara. Kisha akapita jikoni, akaona sufuria tatu zimefunikwa juu ya mafiga, akatabasamu na kuandika: mia tatu.

— Muko wengi, akamwambia komanda. Kesho mutapanda kilima ya Masisi peke yenu, kupiga waasi. Kilima kile hakiombe kikosi ingine.

Kaswera aliyasikia. Kwenye kilima hicho walitangulia askari mia mbili, na waliorudi hawakujaza lori moja. Sasa tisini waende kufanya kazi ya mia tatu, na Eugène akiwemo! Mumewe alikuwa amesimama mstari wa mbele wa gwaride, akitazama buti zake. Komanda alimkazia Kaswera macho. Potelea mbali, aogope nini tena? Akafunua vifuniko viwili.

— Papa, angalia. Hizi hakuna muntu aligusa, na batu yote walisha kula. Njo hawa tu unaona, ku barabara hakuna muntu. Bwana yangu iko mu ile mustari, Papa.

Mkaguzi akachungulia. Maharage yalijaa hadi ukingoni. Akamtazama komanda, akaitazama karatasi aliyokwisha kuitia sahihi. Halafu akazifunika sufuria mwenyewe, taratibu.

— Aksanti, Mama. Watabeba hii chakula ya njia kesho. Masisi iko mbali.