Kitatange wa Euless

Kazi ile niliipata kwa ujanja. Mwenye ghala la samaki wa mapambo, pale Euless, Marekani, karibu na uwanja wa ndege, aliniuliza kama nawajua samaki. Nikamwambia nimezaliwa Unguja, mtoto wa mvuvi. Kweli tupu, ila nilichojua mimi ni kumparua samaki magamba na kumpaka ndimu.

Mwezi wa pili akaletwa kitatange mmoja ndani ya mfuko wa plastiki. Alikuwa mdogo kama kiganja cha mtoto, rangi ya bizari, na milia myeusi. Bosi alisema dunia nzima anapatikana kwenye visiwa vichache tu, mbali na kila bara. Kwetu kitatange tunamtupia paka. Huyu alipewa tangi lake peke yake, na mimi nikakabidhiwa yeye. Akajibanza nyuma ya jiwe, akakataa kula.

Jumapili nilimpigia mama simu, nikamhadithia. Alicheka mpaka akapaliwa.

"Samaki anafugwa, mwanangu? Kwani kuku huyo?" Kisha akatulia. "Anakula?"

"Hali, mama."

"Mpasulie chaza. Mgeni hapewi makombo."

Nikampasulia. Siku ya tatu akatoka, akadonoa. Nilipiga kigelegele peke yangu mle ghalani, wala sioni haya kusema. Tangu hapo kila Jumapili mama alianza na yeye, ndipo aulize makaratasi yangu. Hayakuwa yametoka, na bila hayo nikiondoka Marekani sirudi tena.

Halafu bosi akaenda Houston siku nne. Maji ya tangi yakapungua. Kipimo cha chumvi sikuwahi kujua kukisoma, na niliona aibu kuuliza, mtoto wa mvuvi mzima. Nikakoroga chumvi ndooni, nikaonja kwa ulimi kama mchuzi, mpaka nikaipata bahari ya kwetu. Nikamimina. Kesho yake kitatange alikuwa anaelea ubavu.

Bosi hakunigombeza. Alimtupa kwenye pipa la taka, akaagiza mwingine. Nilimchukia kwa hilo, na nikajichukia zaidi.

"Anakula?" mama akauliza Jumapili.

"Anakula, mama," nilijibu upesi. "Anakula vizuri sana."

Nikaendelea kumlisha maiti yule kwenye simu, wiki baada ya wiki, kwa kuwa mama alikuwa akifurahi.

Kwetu aliye mbali hufichwa habari mbaya, asije akaanguka peke yake. Nalijua hilo, nimewahi kuwaficha wengine. Jumapili moja simu akaipokea dada yangu. Akasema mama hajambo, kapumzika ndani. Nyuma yake nilisikia wanawake wengi wakizungumza kwa sauti ya chini. Jumapili iliyofuata mama alikuwa kapumzika tena.

Sikuwa na ujasiri wa kuuliza lolote jingine.

"Anakula?" nikamwuliza.

"Anakula," dada alijibu upesi. "Anakula vizuri sana."