Farasi Asiyekata Kushoto

"Auntie, utarudi kwenu lini?"

Nilimuuliza hivyo nikiwa darasa la nne, na sikuwa na ubaya wowote. Mpira wetu ulikuwa umeingia chini ya kitanda chake, na nilipochungulia niliona begi la kusafiria, zipu imefungwa na juu yake kamba. Nakhumicha alikuwa ametoka Kitale kuja kufanya kazi kwenye kiwanda cha juisi Thika, akapanga chumba kwenye ploti yetu hapa Gatuanyaga. Miezi miwili ilikuwa imeisha na begi bado halijafunguliwa vizuri. Kila asubuhi alichomoa nguo ya siku hiyo, akafunga tena. Mamangu alisema huyo hajahamia, yuko tu stejini, anangoja gari.

Nakhumicha alinipa mpira, akavaa viatu vyake vya gambuti, akaenda kwa jirani yetu Guka Gathogo kuangalia farasi.

Sasa hapa lazima nieleze farasi. Guka aliuza maji kwa mkokoteni wa punda. Punda alipokufa, Guka alienda kwa mnada wa shamba moja upande wa Juja akarudi na farasi wa mashindano aliyestaafu, mwekundu, mrefu hadi akisimama alikuwa anachungulia ndani ya ua wetu. Guka aliwaambia wazee wenzake kwamba farasi ni punda aliyesoma. Akamfunga mkokoteni na mitungi kumi na miwili. Yule msomi akageuka, akaona kitu kinamfuata, akatoka mbio. Mtungi wa mwisho tuliupata kwa uwanja wa shule. Mwezi mzima Guka hakuweza kupita dukani bila mtu kumuuliza, "Guka, mwanafunzi amefika kidato gani?"

Nakhumicha peke yake hakucheka. Babake alikuwa mtunza farasi kwa shamba la mzungu, na yeye alijua kupanda farasi kabla hajajua baiskeli. Alimwongelesha yule mnyama Kibukusu, polepole, kama mtu aliyekutana na wa kwao ugenini. Farasi akainamisha kichwa. Guka alipoona wanaelewana, alimwambia awe anamtembeza Jumapili, angalau mtu mmoja apate faida ya hizo nyasi anazokula bure.

Jumapili, baada ya kanisa, alipanda. Gunia lilikuwa ndilo tandiko, na suruali ya kiwandani ilikuwa ndani ya rinda. Akina mama wa kanisa waliangalia kando, halafu wakaangalia tena. Mimi niliangalia uso wake. Tangu aje sikuwa nimejua ana mwanya.

Alitaka kwenda kushoto. Kushoto kwa geti la Guka kuna duka la Wangechi, hatua hamsini tu, kisha lami ya kwenda Thika, na Thika ndiko anaweza kupata gari la kwao. Farasi alikata kulia. Akamvuta, akambembeleza, akamtusi kwa lugha ya mama. Kulia. Mwishowe akaelewa: huko kwa mashindano farasi alizungushwa upande mmoja maisha yake yote. Kushoto hakuwahi kuambiwa kama kuko.

Kwa hivyo kila safari ilikuwa kulia, kulia, tena kulia: shule, kanisa, kisima, kuari ya mawe, mpaka watokee dukani kwa Wangechi kutoka upande ule mwingine. Kilomita tatu za kununua chumvi. Mamangu alimuuliza kwa nini asiende na miguu.

"Mama Wanja," alisema, "farasi naye anataka kuona watu."

Na watu walimwona. Mwanzoni walikuwa wanaingiza watoto ndani. Baadaye Mama Wayua wa kisimani akaanza kumsimamisha ampelekee mayai dukani, maana farasi alitembea kwa heshima kuliko pikipiki. Byron, fundi wa pikipiki, alimtengenezea tandiko kutoka kwa kiti cha bodaboda, bado kimeandikwa MUNGU MBELE. Ilipofika Krismasi Nakhumicha alijua nani amejifungua, nani amenuniana na nani, na kuku wa nani anataga kwa nani. Ukitaka habari, ulingoja farasi apite.

Siku moja lile begi lilipita mbele yetu likining'inia kwa farasi, limejaa sukuma wiki. Nilikimbia nikachungulia chumbani kwake. Nguo zote zilikuwa ukutani, kila moja na msumari wake.

Sasa niko kidato cha tatu. Likizo hii ndugu yake, Khisa, alipiga simu kutoka Kitale: kuna nafasi kwa kiwanda cha maziwa, karibu na nyumbani, mshahara mzuri, na aripoti mwezi ujao. Habari ilizunguka bila farasi. Mama Wayua alianza kunenepesha jogoo wa kuaga, huku anamwangalia vibaya jogoo mwenyewe. Guka, aliyelalamika kuhusu nyasi miaka saba, akaacha kulalamika. Hapo ndipo niliogopa.

Jumanne nilikuwa dukani kwa Wangechi nikingoja chenji. Nikaona farasi anatoka getini. Nakhumicha akamgusa shingo kidogo, na farasi akakata kushoto. Hakusita, hakuvutwa. Akaja moja kwa moja, hatua hamsini, kama mtu anayejua njia kitambo. Nakhumicha aliponiona akashtuka. Akanunua chumvi yake, akaniangalia, mimi nikaangalia chenji.

Jioni nilimkuta kwa Guka akimsugua farasi mgongo. Guka alikuwa kando, anapiga msumari kwa ua ambao haukuwa umeharibika. Sikujua nitaanzia wapi, nikaanzia pale pale pa zamani.

"Auntie, utarudi kwenu lini?"

Nyundo ikanyamaza. Nakhumicha alinitazama mimi, akamtazama Guka, akaendelea kusugua.

"Siku huyu atajifunza kukata kushoto."