Malkia wa Nyigu Mbele ya Shuka Jeupe

Mjomba wangu amepiga picha za pasipoti miaka thelathini, na mtaani anaitwa Masikio, kwa sababu hajawahi kumpiga mtu picha kabla ya kuyaona yote mawili. Ukivaa kofia, atakuvua. Ukicheka, atakungoja umalize. Bibi harusi mmoja alipotea njia akaingia kwake, akatoka na picha ya kuombea viza. Siku hizi ofisi zinawapiga watu picha zenyewe, kwa hiyo mjomba hushinda studio akipangusa kamera ambayo haijachafuka.

Mimi ni mpwa wake, fundi wa sare za shule. Nikimaliza sare nashona vazi la kosplei, ule mchezo wa kujivika kama kiumbe wa hadithi. Kiumbe wangu nilimbuni mwenyewe: Malkia wa Nyigu. Kifua cha sponji ya godoro kuukuu, kofia ya chuma isiyo na chuma hata chembe, na mabawa ya waya na chandarua yaliyonila miezi mitano. Mama alisema akili hiyo ningeitumia kutafuta mume, sasa hivi angekuwa analea wajukuu.

Kundi moja la maigizo likatangaza linatafuta fundi wa mavazi. Walitaka picha za kazi yako ikiwa imevaliwa, nje, kwa mwanga wa jua, zifike Jumamosi kabla ya saa nne asubuhi. Niliitaka kazi hiyo kuliko kitu chochote. Kola nilizokwisha kushona, zote sawa, zilitosha kunitia wazimu. Kamera ya simu yangu ilikuwa imepasuka, na mwenye kamera nzuri katika ukoo mzima ni mmoja tu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nikainama.

Jumamosi hiyo, saa moja asubuhi, tulikuwa uwanjani nyuma ya ghala la mtaani. Jua lilikuwa bado chini, likapenya kwenye mabawa, yakawaka rangi ya asali. Niligeuka kumwonyesha mjomba. Mjomba alikuwa anatundika shuka jeupe kati yangu na jua.

Nilipomuuliza anafanya nini, alisema picha isiyo na weupe nyuma si picha, ni umbea. Mabawa yakazimika. Akaniamuru nivue kofia, nisimame wima, nitazame mbele na nifunge mdomo. Akanisogeza kidevu kwa vidole viwili, akapiga, akanisogeza tena, akapiga. Mpita njia mmoja alisimama akauliza kama nyigu nao wameanza kusafiri nje. Jua lilizidi kupanda, nikaona kazi yangu inaondoka nalo. Hasira zilinishika, na machozi yakafuata.

"Mjomba, mimi siombi pasipoti. Naomba kazi."

Akashusha kamera. Akalitungua shuka, akalikunja pembe kwa pembe kana kwamba tuna siku nzima, kisha akalala kifudifudi kwenye vumbi na suruali yake iliyonyooshwa kwa pasi. Alipiga sita tu kabla mwanga haujaharibika. Moja ilikuwa nzuri hadi ikanitisha. Katika haraka ya kuihamishia simuni na kuituma, kidole changu kikagusa na ile ya kidevu mbele ya shuka, zikaenda zote mbili. Nilijilaani hadi nyumbani.

Jumatatu mkuu wa kundi, mama mmoja, akanipigia: nianze kazi wiki ijayo. Mimi nikaanza kujitapa na mabawa yangu. Akanikatiza. Ile ya mabawa inapendeza, alisema, lakini nyuma ya jua hata fundi mbovu anaweza kujificha.

"Ile ya kusimama wima ndiyo iliyonionyesha kila mshono. Aliyeipiga anajua kazi yake."

Siku mbili nilimficha mjomba, maana nilijua atanitambia hadi nizeeke. Siku ya tatu roho ilinisuta, nikaenda studio nikamwambia. Hakutamba. Kwa miaka thelathini watu walizipokea picha zake, wakajitazama, wakaguna, wakaondoka. Alikaa kwenye kiti cha wateja akaniuliza yule mama alisemaje. Nikarudia. Akavua miwani, akaishika mapajani.

"Hebu sema tena," akasema. "Polepole."