Paka wa Mama na Mabibo

Nilimlisha paka bibo. Niseme mapema, maana Nachingwea yetu yote ilishajua kabla sijapata uongo wa maana. Miaka ile ya hamsini nilikuwa nimemaliza sekondari, nimekaa nyumbani, nangoja kazi inifuate barazani.

Mama alikwenda msibani Ruangwa. Aliniachia kihenge cha karanga za mbegu, mvua ikiwa karibu, na paka wa kuzuia panya. "Lindeni nyumba," alisema, kana kwamba mimi na paka tulikuwa na cheo kimoja.

Siku moja paka akalamba papai langu. Nikaona ajabu: kumbe anapenda matunda! Sikukumbuka kwamba kisu nilichokatia papai hilo nilikuwa nimekatia samaki mkavu. Nikampa kipande kidogo, akala, hakudhurika. Msomi nikajiona nimegundua jambo. Samaki walikuwa wachache, na mabibo yalikuwa yamejaa chini ya mikorosho mpaka yananuka. Ya nini kugombea kitoweo na paka?

Nikaokota bibo, korosho yake ikiwa bado inaning'inia, nikalikatakata lote kwa pamoja. Mtoto yeyote wa kwetu anajua ganda bichi la korosho lina mafuta yanayobabua ngozi. Hata mimi nilijua. Nilikuwa mvivu tu wa kuinyofoa. Nikamwagia mchuzi wa samaki juu, paka akala.

Jioni mdomo wake ulikuwa umevimba, mate yanamchuruzika. Nikampa maji, hakunywa. Nikampa samaki mzima, akamtazama tu. Sikulia, wala sikuogopa; nilikaa karibu naye kama mtu anayengoja chai ipoe. Alipokufa nilimfukia, nikanawa mikono, nikarudi kukaa. Panya wakaanza kutafuna kihengeni mchana kweupe. Niliwasikia kama vile nyumba ilikuwa ya mtu mwingine.

Mwishowe nilijikokota hadi kwa jirani yetu, bibi mmoja aliyekuwa uani akipepeta ufuta.

"Shikamoo, bibi. Naomba uniazime paka. Panya wanamaliza mbegu za mama."

"Marahaba, mjukuu. Wenu yuko wapi?"

"Amekufa."

"Amekufaje?"

"Alikula bibo."

"Alikula, au alilishwa?"

 Akapepeta ungo mzima, akapuliza makapi, ndipo akanitazama.

"Paka simtoi. Mbegu nitampa mama yako akirudi. Wewe hata kikombe sikuazimi."