Tausi Sita Kabatini

Msinidanganye kwamba kuiga kumeanza na wasichana wa siku hizi. Sisi tuliokuwa wasichana Kisarawe enzi za Mwingereza tuliyaona yote, tena kwenye sahani. Nilipokuwa mdogo sahani ilikuwa ya bati, nyeupe, ukingo wa buluu, na wageni walikula kwenye sinia moja wakashiba, wakamshukuru Mungu. Kisha mwenye duka pale sokoni akaleta sahani za waridi, kila nyumba ikawa na waridi. Hatujakaa sawa, tukaambiwa waridi limepitwa, sasa ni zabibu. Zabibu! Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuionja, lakini asiye na zabibu mezani alikuwa mshamba. Ukaja na mwaka wa sahani zenye sura ya malkia. Hizo zilimdodea yule mwenye duka, maana nani angethubutu kummwagia malkia mchuzi wa papa usoni?

Halafu zikaja tausi. Sahani ya udongo, ukingo wa dhahabu, na katikati tausi katandaza mkia, anasubiri umsifu. Hizo Kisarawe hazikufika kabisa, ilibidi uzifuate Dar es Salaam. Ndiyo maana mama yangu hakuwa nazo, na ndiyo maana nusura nikose mume.

Mume mwenyewe nilimtaka, niseme kweli. Alikuwa wa Visiga, alikuja kwetu kununua korosho, akaniona, nikamwona, basi. Mama yake alifariki yeye bado ananyonya, akalelewa na shangazi yake, na neno la shangazi ndilo lililokuwa neno. Tukaletewa habari kwamba shangazi anakuja na posa Ijumaa, na kwamba bibi huyo hali kwenye sinia. Ati kula pamoja ni ushamba. Kila mtu na sahani yake, tena ya tausi.

Mama akashikwa na homa ya sahani. Jirani yetu, mwanamke mwenye maneno mengi na kikapu kikubwa, alikuwa amerudi na tausi sita kutoka harusini huko barabara ya Morogoro, akasema kazinunua. Mama akaenda kumwangukia. Jirani akatuazima kwa masimango: tusipasue, tusikwaruze, hata kuzitazama tusizitazame sana.

Ijumaa asubuhi nikaziosha. Chini ya kila moja nikakuta nukta tatu za rangi nyekundu, zimekaa kama mafiga. Nikamuuliza jirani. "Alama ya kiwandani hiyo," akasema, akaangalia pembeni. Kiwanda gani? Kila mwanamke anayeazimisha vyombo kwenye shughuli huvitia alama yake chini visipotee. Mama alivitia vyake mstari wa lami. Lakini nilinyamaza, maana siku hiyo nilizitaka sahani kuliko nilivyoutaka ukweli.

Wageni wakafika. Wanaume wakabaki barazani na baba, shangazi akaingizwa ndani na wenzake wawili. Nikapiga magoti, shikamoo, marahaba, akanipekua kwa macho kama anachagua samaki. Akanikabidhi bakuli la halua. Nikalipeleka uani, nikahamisha halua, nikaligeuza nilioshe.

Nukta tatu nyekundu. Mafiga yaleyale.

Toba! Kumbe sahani za jirani ni za shangazi, zilizoazimwa kwenye ile harusi zikapotelea kikapuni! Nikakimbilia ndani na bakuli mkononi nimzuie mama. Nimechelewa. Sahani zilishapangwa mkekani na shangazi yuko katikati ya maneno yake.

"Hata mimi ninazo tausi sita," anasema, akigonga ufunguo uliofungwa kiunoni. "Hazijatoka kabatini tangu nizinunue. Mimi siazimishi mtu. Watu hawana adabu na vyombo."

Kisha akafanya kama walivyofanya wajuzi wote wa sahani. Akainua ya kwake akaigeuza, auone muhuri wa Uingereza, ambao hata kuusoma hajui.

Akainua ya pili, akaigeuza.

"Hizi mmezitoa wapi?"

"Za hapahapa nyumbani," mama akajibu bila kupepesa, maskini. "Tunazo siku nyingi."

Niliiona posa yangu inatoka mlangoni. Akisema tu "hizi zangu," sisi ni wezi na mimi sina mume. Lakini akisema hivyo, basi kabati lake tupu, na wale wenzake wawili wataifikisha habari Visiga kabla ya magharibi. Nilimwona analipima jambo hilo. Akanitazama, akaliona bakuli lake mkononi mwangu, chini juu. Akajua kwamba najua.

"Nzuri," akasema, akiirudisha sahani mkekani. "Zinafanana na zangu."

"Nikupakulie, shangazi?" nikamuuliza.

Akala. Wali ulivyopungua, tausi akamtokea kwenye mchuzi, akamkodolea jicho. Posa ikakubaliwa bila neno hata moja juu ya ufupi wangu, ambao baadaye niliambiwa alikuja kaupania.

Nilipomweleza mama alilia kwa aibu, kisha akacheka mpaka akajishika mbavu. Kesho yake jirani akaja kuchukua vitu vyake. Mama akaigeuza moja. "Shoga, hicho kiwanda kiko Visiga?" Jirani aliondoka na kikapu kitupu, na salamu akatunyima miezi.

Nikaolewa nazo. Mimi mwenyewe ndiye niliyezifunga kwenye vyombo vya harusi, na nilizifunga kwa uchokozi, sifichi. Kule Visiga wanawake wakavifungua mbele ya watu, wakatoa tausi mmoja mmoja, na shangazi ikambidi apige vigelegele kwa sahani zake mwenyewe. Nilifurahi jamani, nilifurahi! Mara mmoja wa wale wenzake akadakia, "Na zako sita zilete basi, tuone dazeni nzima!"

Mkono wa shangazi ukaenda kwenye ufunguo ukaganda hapo. Nyumba nzima inamtazama. Uso ulimshuka, nikamwona mzee ghafla, na huyo ndiye aliyemlea mume wangu. Uchokozi wote ukanitoka. Nikamwonea huruma, tena huruma yenyewe ikanikera.

"Si ndizo hizi?" nikasema. "Za mama zimebaki Kisarawe. Hizi ni za shangazi, kanizawadia, akanikataza kusema."

Wee! Vigelegele vilivyopigwa siku ile, vya kwangu havikufika hata nusu. Shangazi mwenye roho nzuri, shangazi asiyependa kujionyesha! Akaziba uso kwa kanga. Wao wakadhani ni haya, mimi niliyekaa karibu nikaona machozi.

Watu walipotawanyika akaniita, akafungua kabati. Ndani mlikuwa na kopo la mafuta ya nazi na mjusi. Akazipokea sahani kutoka mikononi mwangu moja moja, akazifuta, akazisimamisha zikitazama mlango. Nikasubiri anipe ufunguo, maana si nilishatangazwa kuwa mwenye zawadi? Akafunga, akajaribu kitasa mara mbili, akaurudisha ufunguo kiunoni.

"Ahsante, mwanangu," akasema. "Haya, kalete sinia tule."