Nyaya Nyeusi, Nyaya Nyekundu

Niliusikia mlio nikiwa bado kwenye matope ya njia, kabla sijaona hata paa la nyumba yetu pale mtaani West Indies. Ulikuwa mzito, wa chini, kama mashine ya kusaga posho iliyozikwa. Ulipanda, ukatetemeka, ukashuka. Nikajua kaka yangu amefaulu. Nikaharakisha, nikitamani anyamaze.

Kaka alikuwa fundi wa umeme katika kiwanda cha nguo. Kwa mwaka mzima alikuwa akiunda mtambo wa muziki juu ya meza ya sebuleni, kwa vipuri vya redio mbovu na bodi ya kuunganishia simu aliyoinunua kwa mwuza vyuma chakavu. Vilikuwa visanduku vitatu vilivyojaa matundu. Cha kwanza kilizaa sauti. Cha pili kilikuwa chujio, kikipunguza ukali wake. Cha tatu kilifanya kazi kama mfereji: kiliamua sauti ipite kiasi gani kwenda kwenye spika.

"Msomi, kuja ushike hii," aliniambia. Nilikuwa nimemaliza kidato cha sita, nikingoja barua ya chuo, na hilo ndilo jina alilonitania nalo.

Nyaya nyeusi, alinieleza, zinabeba sauti. Nyekundu zinabeba amri tu, umeme usiosikika, unaoambia kisanduku kingine panda, shuka, nyamaza. Na kila waya utoke tundu la kutoa, uingie tundu la kupokea. "Ukiunganisha la kutoa na la kutoa, ni watu wawili wanapiga kelele na hakuna anasikiliza. Kama mikutano yetu ya kiwandani."

"Punguza sauti," nikasema. Sikujua nilimaanisha mtambo au yeye.

Hodi ikapigwa. Wakaingia wanaume wawili wenye makoti marefu, viatu havina tope; walikuja kwa gari.

"Fundi," alisema yule mnene, akiketi bila kukaribishwa, "tumeambiwa unatangazia watu wa nje."

"Afande, hii haitangazi. Haina hata aerial ya kurusha sauti. Ni ya muziki."

"Muziki gani? Wa ng'ombe mgonjwa?"

Hata kaka alicheka. Kisha, kwa mikono iliyojua kwamba ndiyo itakayomwokoa au kumpoteza, akachomoa waya mweusi wa spika. Chumba kikanyamaza. "Umeona? Bila spika hata panya hasikii."

Mnene akamtazama mwenzake, akafunga kijitabu chake. Naapa alikifunga.

Ilikuwa imefika saa saba mchana. Siku hizo, mgeni wa serikali akiwa nyumbani, ulifungua redio ili aone unaisikiliza taarifa ya habari kwa heshima. Hakuna aliyetufundisha; tulijua tu, kama tulivyojua kutundika picha ya Rais ukutani. Redio yetu ya betri ilikaa kando ya mtambo. Nikaifungua, nikaongeza sauti.

Mtangazaji hakusikika. Ulitoka mlio ule ule, ukitetemeka juu ya maneno yake.

Kaka alikuwa amechomoa spika. Hakuwa amezima mtambo. Mnene aliinuka, akashika kitufe cha kisanduku cha kwanza, akakizungusha. Ndani ya redio mlio ukapanda. Akakirudisha. Ukashuka.

"Haitangazi," alisema, akimrudishia kaka neno lake.

"Ni kwa sababu visanduku viko karibu na redio, afande. Umeme unavuja kidogo tu, haufiki hata nje. Peleka redio uani, utasikia iko sawa."

Nilikuwa nimeshaibeba. Zilibaki hatua nne kufika uani.

"Dada, weka chini," mwenzake akaniambia kwa upole. "Ataelezea wakubwa."

Nikaiweka. Nimeziandika hatua zile nne mara nyingi kuliko kitu kingine chochote; katika kila rasimu ninafika nje, na redio inaongea safi. Barua ya chuo ilikuja, nikaenda, nikarudi likizo mbili, na kitanda cha kaka kilikuwa bado kimetandikwa.

Waling'oa nyaya zote, nyeusi na nyekundu pamoja, kama mtu anayeng'oa magugu, wakazishindilia guniani pamoja na visanduku. Redio ikaongea safi. Mtangazaji alikuwa ameshafika kwenye hali ya hewa.

"Msomi," kaka alisema akivaa sweta, bila kunitazama, "zima hiyo kitu. Betri zinaisha."

Wakatoka naye. Yule mpole alikuwa wa mwisho. Akauvuta mlango nyuma yake taratibu, kama mgeni aliyekunywa chai.