Mfagiaji Aliyepewa Ufunguo wa Depo

Florentine alifika Baraka, mji wa ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, mwanzoni mwa mwaka tisini na tisa, kwa miguu kutoka Makobola, mjane wa juzi, binti yake Nadège mgongoni. Hakuwa na shamba wala ndugu. Hata wenye mashamba kule juu, upande wa milima, hawakuwa na raha. Njia zilijaa watu wa bunduki, na mwanamke aliyekwenda kuchimba mihogo hakujua kama atarudi, wala akirudi atakuwa katika hali gani.

Aliyemshika mkono ni Anastasie, mama mfupi mwenye maneno mengi, mwenyeji wa hapo hapo. Alikuwa akifagia kwenye depo karibu na ufuko, jengo refu la mabati ambamo mchele wa msaada uliovuka ziwa ulipangwa mpaka karibu na paa. Wafagiaji walikuwa kumi, na malipo yao yalikuwa kile kilichoanguka chini, punje na vumbi lake. Anastasie alimwombea mgeni ufagio, akapewa.

Lakini punje zinazoanguka zenyewe hazishibishi mtoto. Wiki ile ile Anastasie alimvuta nyuma ya rundo la magunia, akamwonyesha kimwanzi chembamba kilichokatwa mshazari, chenye ncha kama sindano. Unakipenyeza kati ya nyuzi za gunia, mchele unashuka wenyewe kwenye ungo. Ukipata vikombe viwili unakichomoa, halafu unasugua pale kwa ukucha, polepole, mpaka nyuzi zinarudi mahali pake. Tundu halionekani tena.

“Uliguse kama uso wa mutoto,” Anastasie alimwambia. “Ukilikwaruza litakusema.”

Nadège akanenepa.

Florentine alikuwa amesoma miaka michache, mwandiko wake ulisomeka. Siku karani alipolala na malaria, yeye ndiye aliyejaza fishi, ile karatasi inayoning'inia kwenye kila rundo kuonyesha kilichoingia na kilichotoka. Akajifunza kupishanisha magunia ili rundo lisitoe tumbo, kuacha nafasi ukutani unyevu usipite, na kutoa kwanza mchele uliotangulia kuingia. Baada ya miaka miwili aliweka ufagio chini, akawa msaidizi wa Placide, shefu wa depo, mkuu aliyeshika ufunguo wake. Mahali pake kwenye ufagio pakachukuliwa na mwingine.

Kisha Placide akahamishiwa mji wa Uvira. Ufunguo ungekuwa wa Florentine, ila kulikuwa na jambo moja: magunia yalipungua uzito, kilo tatu hapa, nne pale, na hakuna aliyeona tundu. Wakubwa walisema mwizi asipopatikana wataleta mtu wao kutoka Uvira, na msaidizi ataondoka. Kuondoka maana yake ni jembe, na jembe maana yake ni mlima.

Florentine alinyamaza mwezi mzima. Mwishowe alimwonyesha Placide jinsi kimwanzi kinavyofanya kazi, akifikiri kwamba akishafichua njia hataulizwa watu. Placide alilipapasa gunia, akacheka kidogo.

“Ni nani alikufundisha?”

“Mi mwenyewe.”

“We mwenyewe. Ulizaliwa na mwanzi mu mukono?”

Placide akamwambia bila kupandisha sauti, “Mama Nadège, sikia. Unipe jina moja, niandike moja. Ao wale kumi bote batoke leo, na we utoke nyuma yao.”

Wale kumi walikuwa nje ya mlango, wanapepeta. Kila mmoja alikuwa na kimwanzi chake, Florentine alilijua hilo. Aliwapitisha moyoni mmoja mmoja. Yule angemtukana sokoni. Yule ana kaka mwenye bunduki. Yule angemlilia mchungaji. Akamtaja yule ambaye alijua hatamchukia.

“Anastasie.”

Wakamtoa mbele ya wenzake. Anastasie hakukana. Alikung'uta ungo wake, akampita Florentine mlangoni, akasimama kidogo.

“Mutoto anakula vizuri?”

“Anakula, dada.”

“Basi.”

Kesho yake Placide alimkabidhi Florentine ufunguo. Wanawake tisa waliobaki hawakumwita tena mama Nadège. Waliinama kupita kiasi, wakasema, “Bonjour, shefu,” kisha wakatazamana.

Anastasie aliazima jembe, akapanda mlimani na wanawake wengine watatu. Siku ya kwanza alirudi, siku ya pili pia. Siku ya tatu watatu walirudi mbio bila yeye, na waliyoyaona hawakuweza kuyasimulia mpaka mwisho.

Vijana wa kanisa walikwenda kumchukua asubuhi iliyofuata. Asubuhi hiyo hiyo boti ilikuwa imefika na magunia mia tatu na arobaini. Florentine alimwomba Placide, aliyekuwa bado anafunga mizigo yake, amshikie kazi saa moja tu aende kupokea maiti. Placide akasema shefu haachi boti ufukweni.

Basi alisimama mlangoni, wabebaji wakipita mbele yake, gunia begani, yeye akihesabu kwa sauti kama inavyotakiwa. Hesabu ilipofika katikati, machela ikatokea kwenye njia ya depo, imefunikwa kitenge, wanawake tisa nyuma yake. Walikuwa wameacha mafagio, na walikuwa wanaimba. Walipomfikia walipunguza mwendo, wakamngoja ajiunge nao.

Mbebaji wa gunia aliyekuwa mbele akasita, akamtazama.

“Mia moja sabini na nane,” Florentine alisema. “Pita. Mia moja sabini na tisa.”